Vidonge vya Umra

Jumatano, Kingsbury, huku ughaibuni. Manyunyu tangu alfajiri, na mguu wangu wa kushoto unauma kama desturi yake siku za baridi. Mama hasomi blogu, kwa hiyo nitasema.

Miezi minne iliyopita damu iliganda ndani ya mguu huu. Kipimo cha kwanza, cha kasoro wanayoirithi sana Wazungu, kilitoka safi. Mama akagawa halua mpaka kwa jirani. Cha pili hakikutuonea huruma. Daktari alisema sisi wenye asili ya Asia, Wahindi wa Mombasa tukiwamo, mara nyingi kasoro yetu iko kwingine: jeni lina hitilafu, na protini ya kuzuia damu isigande ovyo inapungua. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto huirithi au huikosa, nusu kwa nusu. Akataka mdogo wangu Shamim apimwe upesi.

Posa ya Shamim ilikuwa imefika wiki ile ile.

"Nisitiri, mwanangu," Mama aliniambia. "Wakisikia damu yetu ina ila, nani atamuoa? Ngoja nikaha ipite."

Baba alianguka ghafla akafa nikiwa na miaka tisa. Kwetu ilisemwa ni kijicho.

Nikanyamaza; Shamim akaambiwa nimeteguka mguu tu. Mimi ninayegombana na madereva wa basi, mbele ya Mama ni kondoo.

Jumamosi iliyopita Mama na Shamim waliondoka kwenda Umra. Kabla ya safari nilimsindikiza Shamim famasi kuchukua vidonge vya kuchelewesha hedhi, isije ikamzuia kuizunguka Kaaba. Wanawake wa kwetu wengi hufanya hivyo. Mfamasia aliuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuganda damu. Shamim akajibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikatazama chupa za shampuu.

Leo mchana ameniletea ujumbe wa sauti kutoka Makka, anacheka: "Dada, huku kutembea si mchezo! Mguu mmoja umevimba, kiatu hakiingii. Mama ananikanda."

Mmoja. Uchovu ungeshika yote miwili.

Nimepiga simu mara saba, yake na ya Mama. Inaita tu, pengine wamo msikitini. Nimemwandikia kila kitu, posa na iende zake: asikandwe, bonge la damu lisije likapanda mapafuni; asimeze kidonge kingine, maana vinachochea damu kuganda; akimbizwe hospitali sasa hivi.

Ujumbe wangu hajausoma.

Miezi minne amelala chumba cha pili, ukuta tu kati yetu. Ya Rabi, kwa nini nimepata ulimi leo?