Dada Felista, Wanaziondoa Mashine za Vidole

Mpendwa Dada Felista,

Jana mchana msemaji wa ile bustani ya michezo alituambia waandishi kwamba mashine za kusoma vidole zitaondolewa kwenye mageti yote. Sababu aliyoitoa ni kwamba zinawakataa watu wenye vidole vilivyochakaa: wazee, mafundi ujenzi, washonaji. Wafungaji wa marobota hakuwataja. Nilinyoosha mkono nikauliza kuhusu mwanamke aliyekamatwa getini mwaka jana. Akasema hana taarifa za mtu mmoja mmoja.

Taarifa hizo ninazo mimi. Mwaka jana niliandika habari nyingi za msako wa wageni hapa Guangzhou. Yako sikuiandika.

Ilikuwa Alhamisi. Kontena lako lilikwama bandarini Huangpu, wakala akakwambia urudi kesho, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya kuja China ukawa na siku isiyo na kazi. Soko la nguo la Zhanqian ulilijua duka kwa duka. Niliwahi kukuona ukifumba macho, ukasugua suruali ya jinzi kwa ncha za vidole, kisha ukamwambia mwenye duka, "Laoban, bosi wangu, hii siyo ya jana. Umenichanganyia." Mwenye duka akacheka, akakutolea nyingine. Lakini mji wenyewe ulikuwa hujauona.

"Nikiulizwa Mwanza China ikoje," ulisema, "nitajibu inanuka gundi ya maboksi."

Ukataka kupanda ile mashine ya bustanini inayowageuza watu kichwa chini, miguu juu. Asubuhi, kabla hatujatoka gesti, ulifungua mfuko wa kitambaa kiunoni. Ninyi wafanyabiashara nyote mnaushona mfuko huo, na pasipoti inalala na kuamka humo.

"Nikipinduliwa si itanidondoka?" uliuliza.

"Iache tu, Dada. Bustani ya watoto ile, nani atakuuliza pasipoti?"

Nilisema hivyo mimi, niliyekuwa nimeandika wiki moja kabla kwamba mgeni asitoke hata kwenda dukani bila pasipoti. Ukauweka mfuko chini ya godoro.

Getini kila mmoja wetu aliweka kidole, ili tiketi yake isije ikatumiwa na mwingine. Chako kilisomwa mara ya tatu. Hatukujali. Foleni ya mashine yako ilikuwa ndefu, tukakubaliana tuipande baada ya kula. Chakula hakiruhusiwi kuingia, kwa hiyo chapati ulikuwa umeziacha kwa mlinzi. Saa sita tukatoka kuzila, tukiwa watatu: wewe, mimi na Bi Zuhura wa Mombasa, mwenzako wa chumba.

Wakati wa kurudi, kidole changu kilipita. Cha Bi Zuhura kilipita. Chako kikawasha taa nyekundu. Ulikifuta kwenye sketi, ukakipuliza, ukajaribu tena, ukajaribu kingine. Ulikuwa umefunga marobota kwa kamba za plastiki wiki tatu mfululizo, na ncha za vidole vyako zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Ewe Felista," Bi Zuhura alicheka, "vidole umeviacha kwenye marobota! Hebu rudi Huangpu ukavitwae!"

"Vimeshapakiwa," ulimjibu ukicheka. "Tutavikuta Dar."

Ndicho kicheko chako cha mwisho nilichokisikia ana kwa ana.

Mlinzi hakucheka. Alisema tiketi si yako, umeiokota au umeinunua kwa mtu. Nilimweleza. "Bu xing," alirudia, haiwezekani. Kisha akataka pasipoti.

Nilikimbia kuifuata. Teksi kwenda gesti na kurudi ilichukua saa mbili. Yaliyofuata nayaandika kwa ushahidi wa Bi Zuhura, kwa sababu mimi sikuwepo. Ulikaa kwenye benchi la getini, tiketi ukaiweka juu ya goti ili waione. Walipokuja polisi wawili uliwanyooshea mikono, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Ukawaambia kwa Kiswahili, "Ni hivi hivi vya asubuhi."

Nilipofika na pasipoti, benchi lilikuwa tupu. Viza yako ilikuwa imebakiza siku tisa. Kituoni afisa aliitazama, akasema umekwisha kuandikwa kuwa mgeni asiye na hati, na kwamba uhakiki utafanyika. Uhakiki ulichukua siku kumi na mbili. Viza yako ikaisha ukiwa ndani. Siku ya kumi na tatu walikupeleka uwanja wa ndege wa Baiyun, na muhuri wa kukuzuia kurudi kwa miaka mitano. Niliruhusiwa kukuona kupitia kioo. Uliinua mkono, vidole umevitanua. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unaniaga au unanionyesha.

Kila ulipopiga simu kutoka Mwanza uliniuliza kama nimekula. Ulinieleza unavyouza jinzi walizoleta wenzako, kwamba wananunua vibaya siku hizi, hawajui kugusa kitambaa. Mimi nilikueleza habari za msako, za sheria, za mashine. Kila mara nilikuwa na jambo moja la kukwambia, na kila mara nikauliza hali ya mvua.

Mwezi uliopita Kaka Deo alinipigia kutoka Mwanza. Umeanguka dukani, hukuamka tena. Daktari aliandika presha, na siandiki zaidi ya alichoandika daktari.

Basi jambo lenyewe ni hili, Dada. Mashine ilikukataa, na mlinzi alikuita mwizi wa tiketi, lakini aliyekwambia uiache pasipoti ni mimi. Ulilijua hilo, hukulitaja hata mara moja. Naomba unisamehe. Nimelisema umekwisha kuzikwa, na kichwa chini hukupinduliwa.

Pasipoti waliichukua, ila mfuko ulibaki chini ya godoro, na Bi Zuhura aliniletea. Mkanda wake ulikuwa umekatika, nimeushona. Mafundi wataanza kuziondoa mashine Jumatatu saa tatu asubuhi, kwenye geti namba mbili, lile letu. Nitakuwepo na daftari langu, na mfuko wako kiunoni, pasipoti yangu ikiwa ndani.

Lala salama, Dada.

Mdogo wako