Kura ya Alvah Thurlow

Washington, 2 Septemba 1850

Dada yangu Mehitabel,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto hili. Kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila usingizi sina. Ile sheria ya kuwarudisha watumwa waliotorokea kwetu Ohio inaletwa Bungeni wiki ijayo. Juzi wakubwa wa chama walinibana. Kiongozi wetu alinikatia kipande cha keki akaniambia, "Thurlow, ukisema ndiyo, kiti cha useneta ni chako. Ukisema hapana, rudi kwenu ukagonge mapipa ya mbao uyauze." Wakacheka. Nami nikacheka, dada. Nafikiria siku ya kura nijitie ugonjwa.

Mdogo wako, Alvah

Marlow, Ohio, 9 Septemba

Mdogo wangu Alvah,

Sijambo, kifua kimetulia. Tunachuma tufaha, na mwaka huu yamekubali kweli. Acha mambo ya kujitia ugonjwa. Tangu utotoni hujui kuigiza. Simama useme hapana, halafu urudi nyumbani. Mapipa yana ubaya gani? Simeon Gant anayagonga na watoto wake wanakula. Tangu atoroke utumwani Kentucky akiwa kijana, hapa ndipo kwao. Jana aliniuliza, "Alvah hawezi kutuuza, au siyo, Bi Mehitabel?" Nikamjibu, "Alvah? Huyo nimemlea mwenyewe."

Dada yako, Mehitabel

Washington, 17 Septemba

Dada mpendwa,

Natumaini nyote hamjambo. Barua yako imenikuta nimeshapiga kura. Nilisema ndiyo. Karani alipoita jina langu nilitazama mlango. Kiongozi wetu alikuwa amesimama pale pale. Sasa nimekwama. Nikiacha kiti, nitakuwa nimejiuza bure. Nikikaa, kesho watataka kingine. Mwambie Simeon awahi Kanada na familia yake, huko sheria hii haifiki. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Mdogo wako, Alvah

Washington, 30 Novemba

Dada,

U hali gani huko uliko? Nimekuandikia tena na tena, hujibu. Leo nimejua kwa nini. Kiongozi wetu ameniwekea gazeti mezani: mwanamke wa Marlow yuko jela kwa kumficha mtoro ghalani. Nikamwambia, "Huyu ni dada yangu." Akasema, "Najua. Aseme tu hakujua ghalani kuna nani, atatoka kesho. Akikataa, utakwenda Marlow ukamlaani mbele ya watu. Wapiga kura wanataka kujua uko upande gani." Nakuomba kwa machozi, sema hukujua. Ni neno moja tu.

Mdogo wako, Alvah

Jela ya Marlow, 9 Desemba

Mdogo wangu Alvah,

Hujambo? Kifua kimeanza tena, maana humu kuta zinatoa maji. Mke wa mlinzi wa jela ni mtu mwema, ananiletea supu.

Nilijua ghalani kuna nani. Mkate nilimpelekea mwenyewe. Mke wa Simeon na watoto walitangulia, nasikia wamefika Kanada. Yeye alibaki nyuma amalizie mapipa aliyoahidi watu, askari wakamkuta ghalani kwangu. Walipomtia pingu akaniuliza, "Alvah anajua?" Wamemrudisha Kentucky.

Neno lako siwezi kulisema. Mke wa mlinzi ananiambia Jumamosi unakuja kuhutubia uwanjani. Dirisha langu linatazama huko huko. Likifika jina langu, usiliseme kwa kumumunya. Sema kwa sauti, nikusikie.

Dada yako, Mehitabel