Dirisha Nyuma ya Kabati

Mjukuu wangu Shabani, shikamoo yako imefika, marahaba. Usicheke nikikuita mjukuu. Mama yako ni mtoto wa dada yangu, basi mimi ni bibi yako hata kama bado nanyonyesha. Hapa Queensburgh, pembeni mwa Durban, tu wazima. Mtoto anaota meno, usingizi nausikia kwa majirani tu.

Unaniuliza kama mbomoe nyumba ya babu hapo Ujiji mjenge mpya. Nilipofika Durban nilifanya usafi kwenye jumba la kale ambalo mwenyewe, madam wangu, alitaka kulibomoa. Akaja mzee wa Kiingereza, mtu wa kutetea majumba kama hayo, kila alichokiona anakiandika kwenye shajara yake. Akamuuliza madam, "Lina madirisha mangapi?"

"Ishirini."

Nikasema, "Ishirini na moja, madam. Moja liko nyuma ya kabati, pale juu ya ngazi. Nalifuta kwa nje."

"Eish, Zuhura! Mimi nimezaliwa humu!"

Tukasukuma kabati. Jua likapita kwenye vioo vyekundu na vya buluu, likamwagika ngazi nzima. Madam akakaa chini. Mzee akaandika jina langu. Jumba lile lipo mpaka leo.

Sikukatazi, Shabani. Ila kwanza shika ufagio, ifagie nyumba ile wewe mwenyewe, chumba kwa chumba, wiki nzima. Halafu nipigie uniambie ina madirisha mangapi. Ukikosea, nyundo weka chini. Mimi idadi naijua.

Bibi yako,
Zuhura