Vipimo vya Koti Lako

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule moto wa kuchomelea vyuma haujakumaliza macho. Wifi hajambo? Na kitinda mimba wenu ameshaota meno, au bado anawachekea kwa ufizi? Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma humu humu.

Kwanza niutue mzigo niliotumwa. Baba anaomba vipimo vyako: mabega, kifua, kiuno na urefu wa mkono. Usishtuke, umesoma sawasawa. Ni baba yule yule aliyekuambia mbele ya wateja kwamba mikono yako ni ya kubebea magunia, si ya kushika sindano, nawe ukaiweka tepu ya kupimia juu ya meza na kutoka, mwaka wa sita huu. Anakushonea koti. Kitambaa ni cha kijivu, kizito, na mgongo ameshaukata kwa kukisia. Kwenye mabega amesita, maana anasema mtu wa vyuma lazima atakuwa amejaa. Amesema nikuambie huna haja ya kuharakisha.

Hapo kwenye kuharakisha ndipo kalamu iliponigomea jana, nikachana karatasi mbili.

Kazi yangu unaijua. Mchana kutwa nakaa hospitalini kati ya madaktari wageni wasiojua Kiswahili na wagonjwa wasiojua Kiingereza; huyu akisema, namwambia yule. Na mara mbili kwa wiki, kazi ikiisha, nawafundisha wenzangu Kiingereza ndani ya chumba cha mashuka. Tunahangaika na yale maneno yanayofanana kama mapacha, ambayo ukimwita huyu anaitika mwenzake. Nawaambia 'hear' ni sauti kukufikia hata kama huna habari nayo, na 'listen' ni wewe mwenyewe kutega sikio. 'House' ni kuta na paa, 'home' ni pale unapongojewa. Juzi mlinzi wa lango alitaka kumwambia daktari kwamba zamu imemchosha, akamwambia kwamba yeye ni mtu wa kuchosha watu. Daktari akamsihi asijidharau. Tulicheka mpaka mashuka yakaanguka.

Nina daftari zima la mapacha hao, na ukurasa wa kwanza ni 'treat' na 'cure', yaani kutibu na kuponya. Siku ya kwanza ya darasa huwa nasema, atakayechanganya hayo mawili hapa hospitalini arudi kwao akalale.

Sasa tuje kwa Baba. Miezi miwili iliyopita nilikupigia simu nikakuambia anaumwa tumbo, nimempeleka kwa daktari, na usiwe na wasiwasi kwa sababu atapona. Ukashukuru Mungu, ukasema basi tutaonana mwakani. Na Baba alirudi kutoka hospitali mwepesi kama kijana. Alifungua cherehani siku hiyo hiyo, akawatangazia majirani kwamba daktari amesema atapona, akaanza na hilo koti lako. Nilimwambia nikuite. Akakataa katakata. Alisema kosa ni lake, kwa hiyo mwenye kuufuata mlango wa mwenzake ni yeye. Akipona atakuja kwako kwa miguu yake mwenyewe, akuvike koti kwa mikono yake, akuombe radhi mbele ya mkeo kama alivyokutusi mbele ya watu. Kila nikigusia habari yako hunijibu hivyo hivyo, nikipona, nikipona, huku anapiga chaki kwenye kitambaa.

Kaka, hatakuja. Hataweza.

Hospitalini kwetu ni marufuku mkalimani kumtafsiria ndugu yake wa damu. Huitwa mkalimani mwingine. Lakini mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, nami nikanyamaza, daktari asijue yule mzee ni nani kwangu. Nilijidanganya kwamba hakuna atakayemsemea baba yangu vizuri kuliko mimi. Daktari ni mama wa makamo asiyezungukazunguka. Alisema ugonjwa umeshatoka tumboni umeingia kwenye ini. Alisema kumtibu wanaweza, maumivu yapungue, ale kidogo, alale, lakini kumponya hawawezi. Alisema miezi mitatu, ikizidi sana minne. Kisha akaningoja mimi nitafsiri.

Baba alikuwa ameiweka kofia magotini, kidole gumba kinapitapita kwenye pindo lake, vile anavyokagua mshono. Akaniuliza, kwa lile jina lake la kunitania, Kasuku wake amesikia nini. Nikamwambia daktari amesema watamtibu na atapona, ila itachukua muda.

Tafadhali usinitetee kwamba nilichanganya. Sikuchanganya hata kidogo. Neno nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, nikatoa jingine. Baba akatabasamu, na daktari akaniambia kwa mshangao kwamba ni wachache wanaoipokea habari kama ile namna ile. Nikamtafsiria Baba kwamba daktari anamtakia heri. Tangu hapo kila kliniki nashona uongo juu ya uongo, na yeye anazidi kukonda ndani ya nguo zake mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema afanye nini yule aliyemfichia mwenzake.

Nimejaribu kumwambia. Ijumaa niliingia pale anaposhonea, nimejipanga kabisa. Akanipa sindano nimtungie uzi, kwa sababu mikono siku hizi inatetemeka. Nikatunga, nikampa, nikatoka. Nimeshindwa, kaka. Sina la mbele wala la nyuma. Hata kwenye simu najijua, ningeisikia sauti yako ningelegeza, ndiyo maana nimeandika.

Miezi miwili imekwisha. Uliobaki ni mmoja, na ukiongezeka ni huruma ya Mungu.

Basi vipimo usivitume. Njoo navyo mwilini. Ile tepu uliyoiacha mezani ameitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata mimi. Ukifika usimwambie neno, wala usimngojee akuombe radhi. Simama tu mbele yake unyooshe mikono, akupime.

Msalimie wifi, uwabusu watoto mmoja mmoja. Baba alitaka nimsomee barua kabla sijaifunga, nami nikamsomea habari ya vipimo peke yake. Akauliza kurasa nyingine zote hizi zina nini. Nikamwambia ni salamu. Akasema basi niongeze na zake.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku