Kabla Hujaukata Ule Mti

Mwanangu Shabani,

Hujambo baba? Dada yako na kichanga chake wazima, ila joto la huku Kariakoo, we acha tu.

Jana nilikwenda Gerezani kwa fundi seremala, nikaona gogo lina tundu, mdomo wake umezibwa kwa udongo, umebaki ufa mdogo. Nikasema, "Fundi, hii nyumba ya hondohondo!"

Akacheka. "Mama, ndege gani anapiga lipu?"

Nikamweleza kuwa jike hujiziba humo na mayai yake, manyoya yanamtoka, hawezi kuruka, na dume ndiye anayemlisha kwa ule ufa.

Akasema, "Kumbe mzazi yuko arobaini!"

Tukachungulia. Tuliona manyoya tu. Sijui alitoka salama, na roho haijatulia tangu hapo.

Sasa ule mti mkubwa wenye pango nyuma ya nyumba, uliosema utaukata, utazame kwanza. Ukiona dume anakuja na matunda mdomoni, weka shoka chini. Miti michanga haina tundu la kumtosha, ataenda wapi?

Mimi huku namkorogea uji dada yako. Wewe huko nitunzie huyo mzazi mwingine.

Mama yako anayekuwaza