Masaa Matano ya Ziada

Jumanne, Bugembe

Tisa. Kubadilisha injini ya Landrova ni kazi ya masaa tisa, nimeifanya hata nikiwa na homa. Lakini leo alfajiri, afande aliyekuja na askari wake, wakikimbia vita kwenda Mbale, aliponiuliza, nikasema kumi na nne. Kila mteja namwongezea hivyo, nipate nafasi ya swala na chai.

"Sawa," akasema. Akamfunga Hamisi, fundi mwenzangu, kwenye nguzo ya gereji. "Kila saa, huyu anakula kiboko kimoja. Ukizidisha hizo kumi na nne, nampiga risasi."

Sikuswali, sikunywa chai. Alasiri injini ilikuwa imeshakaa, na Hamisi ameshakula tisa.

Ningetoka chini ya gari wakati ule, afande angejua nimemdanganya. Nikabaki nimelala chali, nakaza nati zilizokwisha kukazwa, nasikia cha kumi, cha kumi na moja... Mpaka kumi na nne. Mwoga mkubwa mimi.

Walipoondoka nikampeleka kwake Mpumudde, mgongo umechanika wote. Mkewe akimwosha damu, Hamisi akanishika mkono.

"Ahsante, ndugu yangu. Ungechelewa kidogo tu, wangeniua."