Koti la Kwenda Nalo Mahakama Kuu

Kariakoo, Dar es Salaam

Mdogo wangu Kasuka,

Nimemtoa wakili gerezani! Mimi kaka yako niliyeishia darasa la tatu, kwa mdomo huu huu mnaosema hauna breki! Haya, nimekudanganya. Bado yumo ndani. Lakini mlango nimeusukuma, sikiliza.

Kwanza, hujambo? Mgongo umepona, au bado unauma siku za shamba la kijiji tu? Mimi mzima, nauza kahawa yangu sokoni. Sukari tunaiona kwenye foleni.

Wakili ninayemsema ni Kalinga, anayewatetea wachukuzi wa hapa bure. Mgambo wanawazoa, eti wazururaji, na mtu ana gunia kichwani! Kalinga akamwambia hakimu, "Mahakama hii inafunga kwanza, inasikiliza baadaye." Akafungwa yeye, miezi sita, kwa kudharau mahakama.

Juzi wakanizoa na mimi, na birika langu. Kufika kizimbani, hakimu yule yule. Kumbe Mzaramo! Mtani halisi wa sisi Wanyamwezi, wa kutukanana naye bila kesi!

"Mzee, kazi yako nini?"

"Kuwaamsha Wazaramo," nikamjibu. "Hasa wewe, mtani. Unafunga kwanza, unasikiliza baadaye. Nyie hata maiti mnazika kwanza, ndipo mnamuuliza kama amekufa."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu naye akacheka mpaka akavua miwani. "Mnyamwezi wewe! Toka kabla sijakuzika. Umeachiwa."

Mwenye akili angetoka. Mimi nikafika mlangoni, nikamgeukia: "Mtani, maneno yale ni ya wakili. Mimi umenicheka, yeye umemfunga. Kosa lake ni maneno, au ni kukosa utani na wewe?"

Hakimu akavaa miwani polepole, akaita kesi nyingine.

Nje akanidaka mama mmoja, wakili mwenzake Kalinga, anayeshughulikia rufaa yake. "Babu, rufaa inasikilizwa Mahakama Kuu, Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Utakula kiapo useme hakimu aliyacheka maneno yale yale?"

"Hata leo!" nikasema, hajamaliza.

Sasa silali, Kasuka, kwa furaha na kwa woga vyote pamoja. Jaji wa huko Mahakama Kuu nimemuulizia: hana utani na mimi hata kidogo. Kwake neno langu litakuwa neno tu, kama la Kalinga.

Msalimie shemeji, mwambie bado nashangaa alikupendea nini. Msalimie na mama mkwe wako anayenichukia. Dada yetu mkubwa msalimie sana, ila habari za kiapo asizisikie.

Na lile koti langu jeusi uliloazima siku ya harusi yako, kwa wiki moja tu, ulisema. Mwanao sasa ana ndevu. Mpe binamu yetu wa kwenye treni alilete kabla ya Jumatatu hiyo. Jaji akiniamini, aniamini nimevaa. Akinifunga pamoja na Kalinga, nasikia sakafu ya kule ina baridi.

Kaka yako mwenye mdomo,
Maganga